Flanji Inapovuja: Namna ya Kukadiria Mzigo Unaoruhusiwa kwenye Kiungo cha Bomba



Kuna swali linalojirudia katika barua tunazopokea kutoka kamati za parokia, na hata katika mazungumzo yetu na wafadhili. Swali lenyewe ni hili: "Kwa nini bajeti ya mradi wa maji ina fedha nyingi za saruji, kokoto na nondo, wakati tunachojenga ni bomba?" Swali hili ni la haki. Fedha za mradi zimetokana na sadaka na michango ya watu, na kila shilingi ni lazima ijieleze.

Katika toleo hili tutalijibu kwa kutazama kiungo kimoja kidogo cha bomba, yaani flanji. Tutaonyesha pia hesabu yenyewe, kwa sababu si ngumu kama inavyodhaniwa. Mtu aliyemaliza darasa la saba, akiwa na kikokotoo, anaweza kuifuata. Lengo letu si kuwafanya wanakamati wawe wahandisi. Tunataka wajue swali la kumuuliza mhandisi, na wajue ni kipi katika bajeti kisichopaswa kukatwa.

Kosa lililotufundisha

Miaka kadhaa iliyopita tulishirikiana na parokia moja ya milimani kujenga bomba la mserereko kutoka chemchemi hadi kijijini. Mahali pamoja bomba la chuma la inchi 4 lilitoka kwenye chemba ya valvu, likapita ukingoni mwa korongo kwa mita 3, kisha likaunganishwa na bomba la plastiki. Michoro ya awali ilionyesha nguzo ya zege mwishoni mwa hizo mita 3. Wakati wa kupunguza gharama nguzo ile iliondolewa. Tulisema, "Ni mita 3 tu, na chuma ni kigumu."

Mwezi wa pili flanji ya valvu ilianza kuvuja. Fundi akabadilisha gasketi. Baada ya wiki chache ikavuja tena, akabadilisha tena. Ilipovuja mara ya tatu, zahanati ilikuwa imerudi kuchota maji kwa ndoo, na kamati ikaitishwa.

"Fundi," mwenyekiti alisema, "hii ni mara ya tatu. Watu wanasema unanunua gasketi za bei rahisi na chenji unaweka mfukoni."

"Mzee, gasketi ni nzima, risiti hizi hapa," fundi alijibu. "Geji inasoma baa 6. Flanji imeandikwa 16. Hata mimi sielewi."

Kamati ilikuwa karibu kumwachisha kazi. Tuliomba tupewe siku moja, tukaenda kuitazama flanji tukiwa na kalamu na karatasi. Tulichokikuta kilitufedhehesha sisi, wala si fundi. Lakini kabla ya kufika huko, ni vizuri tueleze flanji inafanyaje kazi.

Flanji ni nini?

Flanji ni sahani nene ya chuma, ya mviringo, iliyofungwa mwishoni mwa bomba. Sahani mbili hutazamana, katikati huwekwa gasketi, yaani pete ya mpira au kitu kingine laini, kisha boliti huzungushiwa pande zote na kukazwa. Kwa bomba la inchi 4 lenye flanji ya kipimo cha Ulaya cha PN16, sahani ina kipenyo cha milimita 220, na boliti ni 8 za M16, zilizopangwa kwenye duara la milimita 180.

Wengi hudhani kwamba boliti ndizo zinazozuia maji. Kazi ya boliti ni kubana tu, na kinachozuia maji ni gasketi iliyobanwa. Fundi anapokaza nati, boliti hunyooka kidogo sana, na kwa kutaka kurudi hali yake huvuta sahani mbili pamoja. Gasketi ikiendelea kubanwa kwa nguvu ya kutosha pande zote, maji hayapiti. Upande mmoja ukilegea, maji yatapita hapo hata kama boliti zote ni nzima na zinang'aa.

Alama ya PN16 inamaanisha kwamba flanji imetengenezwa kwa presha ya hadi baa 16 kwa maji baridi. Kwa kukumbushana, maji yaliyosimama kwa kimo cha mita 10 hutoa presha ya karibu baa 1. Tangi likiwa mita 60 juu ya valvu, na mabomba yote yakiwa yamefungwa, geji ya hapo chini itasoma karibu baa 6.

Ndiyo maana fundi wetu alishangaa. Baa 6 ni ndogo sana kuliko 16. Kwa nini kiungo kivuje?

Mfuko ni mmoja

Jibu ni kwamba namba iliyogongwa kwenye flanji inahesabu presha ya maji peke yake. Haihesabu uzito wa bomba linaloning'inia, wala mvuto wa bomba lililolazimishwa kukutana na lenzake, wala mtoto aliyepanda juu ya bomba ili avuke korongo. Mizigo hiyo tunaiita mizigo ya nje. Nayo, kama ilivyo presha, kazi yake ni kutaka kutenganisha sahani mbili na kuilegeza gasketi.

Tufikirie PN16 kama mfuko wenye shilingi 16. Presha ya maji ya baa 6 imeshatumia shilingi 6. Zimebaki 10. Mizigo yote ya nje ni lazima itoshe ndani ya hizo 10 zilizobaki, kwa sababu hakuna mfuko wa pili.

Kinachohitajika basi ni njia ya kubadilisha mzigo wa nje uwe "baa", ili tuweze kuutoa kwenye mfuko. Njia hiyo ipo, na imetumika kwa miongo mingi. Wahandisi wengi huiita njia ya Kellogg, kwa sababu ilienea kupitia kitabu cha usanifu wa mabomba cha kampuni ya M. W. Kellogg ya Marekani, ambacho toleo lake la pili lilitoka mwaka 1956. Kwa Kiswahili chepesi tunaweza kuiita njia ya presha linganifu: tunatafuta presha ambayo ingeisumbua gasketi sawasawa na mzigo ule unavyoisumbua.

Hesabu yenyewe

Mizigo ya nje imegawanyika katika aina mbili kuu.

Ya kwanza ni mvuto wa moja kwa moja, yaani nguvu inayolivuta bomba kwa urefu wake kulitoa kwenye flanji. Tuiite F, nayo hupimwa kwa nyutoni. Uzito wa kilo 1 ni karibu nyutoni 9.81.

Ya pili ni nguvu ya kupinda, ambayo wahandisi huiita momenti. Tuiite M. Hii ni nguvu kuzidisha umbali. Kila aliyewahi kung'oa kisiki kwa mtaimbo anaifahamu: ukishika karibu na kisiki hakitikisiki, ukishika mwishoni mwa mtaimbo kinatoka. Bomba linaloning'inia ni mtaimbo, na flanji ndiyo kisiki.

Tunahitaji pia kipimo kimoja cha flanji, ambacho ni kipenyo cha duara la katikati ambapo gasketi inabanwa. Tukiite G, kwa mita. Kwa flanji yetu ya inchi 4 gasketi ina kipenyo cha nje cha milimita 162 na cha ndani cha milimita 115, hivyo tunachukua G kuwa milimita 140, yaani mita 0.14.

Kanuni ni hii:

Presha linganifu = (16 × M) ÷ (3.14 × G × G × G) + (4 × F) ÷ (3.14 × G × G)

Jibu hutoka kwa paskali. Gawanya kwa 100,000 upate baa. Kisha:

Presha ya maji + presha linganifu isizidi namba ya flanji.

Hiyo ndiyo hesabu yote. Sasa tuitumie kwenye flanji iliyotutesa.

Mita 3 za bomba

Bomba letu lilikuwa na kipenyo cha nje cha milimita 114.3 na unene wa milimita 4.5. Chuma chake kina uzito wa kilo 12.2 kwa kila mita. Maji yaliyomo ndani yana uzito wa kilo 8.7 kwa kila mita. Jumla ni kilo 20.9, au nyutoni 205 kwa kila mita. Wanakamati wengi husahau uzito wa maji. Bomba lililobebwa na watu wawili siku ya ujenzi si bomba lile lile siku ya uzinduzi.

Bomba la plastiki lililofuata halikubeba kitu, hivyo mita 3 za chuma zilining'inia kwenye flanji bila msaada. Kwa bomba la namna hiyo, M ni uzito wa mita moja, kuzidisha urefu, kuzidisha urefu tena, kugawanya kwa 2:

205 × 3 × 3 ÷ 2 = nyutoni-mita 923, kwa kukadiria.

Tukiweka kwenye kanuni:

16 × 923 ÷ (3.14 × 0.14 × 0.14 × 0.14) = paskali 1,714,000, yaani baa 17.1.

Tulirudia hesabu mara mbili tukidhani tumekosea. Uzito wa mita 3 za bomba ulikuwa umeumaliza mfuko wote wa baa 16 na kupitiliza, kabla hata ya kuhesabu presha ya maji. Ukijumlisha na baa 6 za maji unapata 23.1. Flanji ya 16 ilikuwa inaombwa kubeba 23. Fundi hakuwa na kosa, na gasketi hazikuwa mbovu. Kosa lilikuwa kwenye karatasi ya bajeti tuliyoisaini sisi wenyewe.

Flanji yenyewe ilikuwa imetueleza hivyo tangu mwanzo, ila hatukujua kuisoma. Mara zote tatu maji yalitokea upande wa juu. Bomba linapoinama, sahani hubanana zaidi chini na kuachana juu. Gasketi za zamani, ambazo fundi alikuwa amezitunza, zilikuwa zimekandamizwa chini na nene juu. Na boliti? Tulikadiria kwamba uzito ule uliongeza kwenye boliti ya juu kabisa nguvu ya karibu kilo 260. Hiyo haiwezi kuikata boliti ya M16. Ndiyo maana boliti zilionekana nzima huku maji yakimwagika.

Urefu ukizidi mara mbili, mzigo huzidi mara nne

Ili kamati ione vizuri, tulichora jedwali lifuatalo kwa bomba lile lile linaloning'inia, presha ya maji ikiwa baa 6:

Mita 1: presha linganifu baa 1.9, jumla baa 7.9. Inaruhusiwa.
Mita 1.5: baa 4.3, jumla 10.3. Inaruhusiwa.
Mita 2: baa 7.6, jumla 13.6. Inaruhusiwa, lakini akiba ni ndogo.
Mita 2.5: baa 11.9, jumla 17.9. Imezidi.
Mita 3: baa 17.1, jumla 23.1. Imezidi sana.

Tazameni mita 1 na mita 2. Urefu umeongezeka mara mbili, lakini mzigo umeongezeka mara nne. Hapa ndipo jicho hudanganywa. Bomba la mita 3 linaonekana refu kidogo tu kuliko la mita 2, kumbe mzigo wake kwenye flanji ni zaidi ya mara mbili.

Sasa tuirudishe ile nguzo iliyokatwa. Bomba likishikwa na flanji upande mmoja na kulala juu ya nguzo upande wa pili, kanuni ya M hubadilika: badala ya kugawanya kwa 2 tunagawanya kwa 8. Mzigo wa baa 17.1 unashuka hadi baa 4.3. Ukijumlisha na presha ya maji ni 10.3, na mfuko wa 16 unabaki na akiba ya kutosha. Nguzo moja ya zege imepunguza mzigo hadi robo.

Tuliijenga wiki iliyofuata. Fundi yule yule aliweka gasketi ya nne, na mwenyekiti alimwomba radhi mbele ya kamati. Sisi tulifanya hivyo pia.

Mizigo mingine ya kuangalia

Uzito wa bomba ni mzigo mmoja tu. Ipo mingine ambayo tumekutana nayo katika ziara zetu.

Watu kupanda juu ya bomba. Mtu wa kilo 70 akisimama mita 2 kutoka kwenye flanji, juu ya bomba lisilo na nguzo, anaongeza presha linganifu ya baa 25. Mahali ambapo bomba linavuka korongo, watu watalitumia kama daraja hata mkiweka bango. Jengeni kivuko chao pembeni, au zuieni kabisa.

Kulazimisha mabomba yakutane. Mara nyingi flanji mbili hazitazamani sawasawa siku ya kufunga. Fundi mwenye haraka hutumia boliti kuzivuta. Baadaye bomba hutaka kurudi lilikokuwa, na nguvu hiyo haiishi. Kila nyutoni 1,000 za mvuto wa moja kwa moja hugharimu flanji hii baa 0.65, na kupinda hugharimu zaidi. Kanuni ni rahisi: flanji zitazamane zenyewe kabla ya boliti hata moja kuingia. Zisipotazamana, kata bomba upya.

Jua na baridi. Bomba la chuma la mita 100 likipoa kwa nyuzi 20 hutaka kufupika kwa milimita 24. Kama limefungwa kabisa ncha zote mbili, haliwezi kufupika, hivyo huvuta. Kwa bomba letu mvuto huo ni karibu nyutoni 74,500, sawa na uzito wa tani saba na nusu, na presha linganifu yake ni karibu baa 48. Hii ni sababu mojawapo ya kulizika bomba ardhini, ambako joto halibadiliki sana kati ya mchana na usiku, na ya kuacha kona au kiungo cha kujongea pale linapopita juu ya ardhi. Plastiki hurefuka na kufupika zaidi ya chuma, mara kadhaa.

Kufunga valvu kwa ghafla. Maji yanayokwenda kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa ghafla kwenye bomba hili, presha hupanda kwa karibu baa 13 kwa muda mfupi. Kwa bomba la kilomita 1, "ghafla" ni kufunga ndani ya chini ya sekunde moja na nusu. Mshindo huo nao unatoka kwenye mfuko ule ule. Mfundisheni mlinzi wa mradi kufunga valvu polepole.

Pampu na valvu nzito. Pampu si nguzo ya bomba. Mtengenezaji hutoa mipaka ya mizigo kwa midomo ya pampu, na mipaka hiyo mara nyingi ni midogo kuliko ile ya flanji. Bomba liwe na nguzo yake kabla ya kufika kwenye pampu, na valvu nzito iwekwe juu ya zege lake yenyewe.

Tahadhari katika kutumia hesabu hii

Kwanza, msihesabu kitu kimoja mara mbili. Maji yenyewe huisukuma flanji kutoka ndani, lakini msukumo huo umo tayari katika namba ya presha. F ni ya mizigo ya nje tu.

Pili, njia hii ni ya tahadhari. Flanji nzuri ya chuma, iliyokazwa vizuri, huweza kustahimili zaidi ya inavyosema kanuni. Kwa sababu hiyo chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, ASME, katika kanuni zake za vyombo vya presha, kifungu UG-44, sasa kinaruhusu kiasi cha ziada juu ya njia ya zamani. Lakini ruhusa hiyo ina masharti: aina ya flanji, gasketi inayofaa, na boliti zilizokazwa kwa utaratibu unaojulikana. Katika miradi ya vijijini, ambako hatuna uhakika wa hayo yote, tunashauri kubaki na njia ya tahadhari.

Tatu, chuma si kimoja. Valvu nyingi za zamani zina flanji za chuma cha kusubu, ambacho hakipindi bali huvunjika kama kigae. Hapo msitumie akiba yote. Nguzo ziwekwe karibu ili flanji isibebe mzigo wa nje kabisa. Vivyo hivyo kwa viungo vya plastiki.

Nne, kanuni inadhani kwamba boliti zimekazwa sawasawa. Zikazwe kwa kuruka upande hadi upande, si kwa kuzunguka duara, na kwa awamu: kwanza theluthi moja ya nguvu, kisha theluthi mbili, kisha nguvu yote. Siku inayofuata, kabla ya kufungulia maji, zikaguliwe tena, maana mpira hulala kidogo baada ya kubanwa.

Kwa kamati za parokia

Kabla ya kusaini kukubali mradi, tunaomba kamati itembee pamoja na fundi kutoka chanzo hadi tangi, na kila mahali penye flanji iulize maswali haya matano:

1. Nguzo iliyo karibu na flanji hii iko umbali gani kila upande?
2. Geji inasoma baa ngapi valvu zote zikiwa zimefungwa, na flanji imeandikwa ngapi?
3. Je, flanji hizi zilitazamana zenyewe, au zilivutwa kwa boliti?
4. Mvua ikinyesha, je, maji yanaweza kuondoa udongo chini ya nguzo hii?
5. Kama flanji inavuja, maji yanatokea juu, chini au pembeni?

Swali la tano msilidharau. Uvujaji wa pande zote mara nyingi huelekeza kwenye gasketi au ukazaji. Uvujaji unaorudi upande ule ule kila mara huelekeza kwenye mzigo. Kubadilisha gasketi hapo ni kutibu homa bila kutafuta malaria.

Majibu yaandikwe kwenye daftari la mradi. Kwa miradi ya Tanzania, hesabu zithibitishwe na mhandisi wa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) wa wilaya, wakala ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2019, na nakala ibaki kwa chombo cha jamii kinachoendesha mradi. Fundi akihama au kamati ikibadilika, daftari litabaki.

Kwa wafadhili wetu

Tunafahamu kwamba ni rahisi zaidi kuchangia bomba kuliko kuchangia nguzo. Bomba lina picha nzuri siku ya uzinduzi, maji yakiruka na watoto wakishangilia. Nguzo ya zege ukingoni mwa korongo haina anayeipiga picha. Lakini mmeona hesabu. Bila nguzo, flanji ya baa 16 ilidaiwa 23. Kwa nguzo moja, ilidaiwa 10. Tangu tukio lile tumejiwekea utaratibu kwamba fungu la nguzo na vizuizi vya zege halipunguzwi bila hesabu ya mhandisi kuambatanishwa. Mkiliona katika bajeti tunazowaletea, mjue sababu yake.

Fundi yule bado anahudumia mradi ule. Anakagua flanji kila baada ya mvua za masika, na anapofika kwenye chemba ya ukingoni mwa korongo, hupitisha kiganja upande wa juu wa flanji kwanza. Mara ya mwisho tulipokwenda naye, kiganja kilitoka kikavu.

 Kamati yenye flanji inayosumbua ituandikie vipimo vitano: kipenyo cha bomba, unene wake, umbali wa nguzo, usomaji wa geji na namba ya flanji. Tutaifanya hesabu pamoja.